Nyeupe ya Gari la Vénuste

Mume wangu Faradji anajisifu. Nasema mapema ili mtu asidhani sijui. Anajisifu asubuhi akinywa chai, anajisifu akirudi msikitini, na mgeni akisimama mlangoni kwetu kuuliza njia ya sokoni, ataelekezwa vizuri, halafu ataelezwa kwamba amesimama mbele ya fundi wa rangi za magari ambaye hana mwenzake kuanzia Gisenyi mpaka Goma. Majisifu yenyewe nimeyazoea. Kinachoniudhi ni kwamba anayosema ni kweli.

Gereji yetu iko kwenye barabara inayoshuka kutoka Nengo. Yeye anapaka rangi nyuma, mimi nashona mbele, chini ya bati lile lile. Nashona sare za shule, kanzu za Idi, na magauni meupe ya komunyo kwa watoto wa Nyundo, maana mama zao wanajua kwamba Kaltumu hapindi pindo kwa haraka. Kwa hiyo hakuna mtu aliyemtazama Faradji akifanya kazi kuliko mimi. Nimemwona akitengeneza mlango wa gari uliokwanguliwa na ukuta, mpaka mwenye gari akabishana naye kwamba ameubadilisha mlango mzima. Nimemwona akichanganya rangi za malori bila namba na bila mashine, kwa jicho tu, kama mimi ninavyopima chumvi ya mchuzi. "Hapa inaomba nyekundu kidogo," anasema. Halafu anageuka kuona kama kuna mtu amemsikia.

Mwaka jana macho yakaanza kumtupa mkono.

Hakuniambia. Nilijionea mwenyewe. Nilimtuma vifungo vyeupe, akaniletea vya krimu, na akasimama pale akingoja shukrani. Halafu likaja tanki la Manzi. Manzi ni dereva wa pikipiki, mtu mzima mwenye watoto wake, anaegesha ng'ambo ya barabara na kutwa nzima anatutania. Tanki lake la bluu lilikuwa limekwaruzika upande mmoja. Faradji alilitengeneza, na upande ule ukatoka bluu yenye ukijani ndani yake, kama shati lililofuliwa pamoja na kitenge kinachochuja. Manzi aliliangalia, akasema, "Aksanti, muzee," akawasha pikipiki, akaenda zake. Mimi nilibaki na sindano hewani. Nikamshukuru Mungu kwamba Manzi si mtu wa kuangalia vitu.

Kesho yake nilimwambia, "Baba Twahir, twende kwa munganga ya macho. Tuende tu atuangalie wote wawili. Mi pia sindano inaanza kunisumbua."

Alijua nilikuwa namtafutia njia ya heshima. Akaikataa.

"Mufundi ya rangi akionekana kwa munganga ya macho," akasema, "nani atamuletea tena gari? Niambie, Mama Twahir. Nani?"

Mji wetu ni mdogo, na habari zinafika nyumbani kabla yako. Tukaendelea hivyo. Kazi za rangi nyeusi alizipokea kwa furaha. Kazi za rangi ngumu alianza kuzipa visingizio.

Basi Jumanne moja akaingia Vénuste.

Vénuste ni mfanyabiashara wa viazi. Alizaliwa Congo, wazazi wake wakarudi akiwa mkubwa, na mama yake, Nyirasafari, analima mpaka leo Busasamana, karibu kabisa na milima ya moto. Yule bwana amepanda malori ya watu, ameendesha magari ya watu, na mwezi huo alikuwa amenunua gari lake mwenyewe, jipya, jeupe. Kwao wote ndiye wa kwanza kununua gari ambalo halijawahi kuwa la mtu mwingine. Karatasi za plastiki zilikuwa bado kwenye viti. Alishuka taratibu, akafunga mlango kwa vidole viwili, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoka msibani.

"Muzee Faradji," akasema, "naomba unisaidie. Na unisaidie bila kelele."

Alitupeleka mbele ya gari, kwenye kile kifuniko cha injini tunachokiita kapo. Ndani ya weupe ule palikuwa na kidonda kidogo, pengine punje ya mchele ni kubwa kuliko hicho. Kijiwe kilirushwa na lori kwenye barabara ya Busasamana, kikatoboa rangi mpaka chini. Kama ingekuwa hivyo tu, tusingekuwa na hadithi. Lakini kukizunguka kile kidonda, eneo la kiganja cha mkono lilikuwa limefifia, halina mng'ao, kama kioo mtu amekipulizia pumzi.

"Hii ya kuzunguka ni nini?" nikauliza.

Vénuste akaangalia barabarani kwanza. "Ni mama yangu."

Ikabidi atueleze. Jumapili alikuwa amekwenda kumwonyesha mama yake gari. Walipomaliza kula, alilala kidogo. Nyirasafari akatoka nje kulitazama gari la mtoto wake, akaona lile doa jeusi, akadhani ni lami. Sasa, kama humjui mama wa Busasamana, huwezi kuelewa kilichofuata. Wanawake wa kule wanasugua masufuria yao kwa mchanga mweusi wa volkano, ule laini waliouchekecha kwa kitambaa, na sufuria ya Nyirasafari unaweza kujifungia kilemba mbele yake. Akaenda jikoni, akachota mchanga wake mzuri kuliko wote, ule anaouweka kwa ajili ya sikukuu, akaulowesha maji. Akalisugua gari la mtoto wake kwa upendo wake wote. Vénuste aliamshwa na sauti ya kusugua.

"Alikuwa anaimba," Vénuste akasema. "Nilitoka, nikamukuta anaimba. Alivyoona uso yangu, akajua. Tangu siku ile hakule muzuri. Ananipigia simu, analia, anasema ameua gari. Mi namuambia, mama, ni kitu ya kidogo. Haamini."

"Na mafundi wengine wanakuambia nini?" Faradji akauliza.

"Wananiambia nipakale kapo yote mupya."

Hapo ndipo nilipoomba moyoni Faradji aseme ndiyo. Kupaka kapo zima ni kazi rahisi. Unapiga rangi kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna mtu atakayelinganisha nyeupe mpya na ya zamani sentimita kwa sentimita. Kwa mtu mwenye macho yaliyochoka, ilikuwa njia ya kupita bila aibu. Lakini kuziba kidonda cha punje ya mchele katikati ya weupe wa kiwandani, na tena weupe wenye mng'ao wa lulu ndani yake, hapo nyeupe yako ikikosea kidogo tu, umeweka chunusi usoni pa bibi harusi.

Faradji alikuwa ameinama. Alifunga macho, akapitisha ukucha wa kidole cha shahada juu ya kile kidonda, akaupitisha tena kutoka upande wa pili. Alipoinuka, nilimwona akinyoosha mabega, na nikajua tumekwisha.

"Kupakala kapo yote sababu ya hii?" akasema. "Rangi ya usine, yenye ilitoka ku kiwanda, iko nzima, inapumua, halafu mi niiue? Hapana. Nitatengeneza fasi yenye imeumia tu."

"Muzee, itaonekana."

Na yeye, mbele ya Vénuste, mbele ya madereva waliokuwa wanakunywa chai ng'ambo, mbele ya Manzi aliyekuwa ameshasogea kusikiliza, akapaza sauti: "Siku ya Ijumaa, kisha swala, ukuje na mama yako. Mutafute. Mukiona fasi yenye iliharibika, mi Faradji sitashika tena brosi mu hii mji!"

Sindano ya cherehani ilipita kando ya kidole changu. Manzi akapiga mluzi. Watu wakacheka, maana walimzoea. Mimi sikucheka. Alikuwa ameweka maisha yake yote juu ya kitu kimoja ambacho macho yake hayakuweza tena kukiona, na alikuwa anajua.

Alianza na ule ukungu wa mchanga. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono, na mikono yake ilikuwa salama. Alimwaga maji sakafuni ili vumbi lisiinuke, akachukua karatasi ya msasa ya maji, ile laini ambayo ukiipitisha shavuni haikwaruzi, akaanza kuzunguka taratibu, analowesha, anafuta, anagusa kwa ncha za vidole, anazunguka tena. Hakuwa na haraka. Jumatano yote aliifanya kazi ile, na kila alipofuta maji, ule ukungu ulikuwa umepungua. Baadaye akapiga polishi kwa kitambaa cha pamba nilichompa. Ilipofika jioni, kapo lilikuwa linaonyesha nguzo ya bati letu na mimi mwenyewe nikiwa kwenye cherehani. Nilitamani kumsifu, lakini mtu huyu ukimsifu unamwongezea moto, kwa hiyo nilimwambia chakula kinapoa.

Alhamisi ikawa siku ya nyeupe.

Vénuste alikuwa ameagiza kutoka Kigali kopo lenye namba ileile ya gari. Msiniambie basi kazi imekwisha. Namba inakupeleka mtaa unaotakiwa, nyumba unaitafuta mwenyewe. Faradji alifungua kopo, akaongeza hiki, akaongeza kile, akapaka tone kwenye kifuniko cha bati. Akalipeleka juani, akalirudisha kivulini, akaliweka kando ya kapo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nilikuwa nimesimama. Lile tone lilikuwa na umanjano wa meno ya mvuta sigara.

Na yeye alikuwa tayari anatafuta brashi.

Nifanye nini? Manzi alikuwa kwenye benchi letu, anabadilisha betri za redio yake kama kwamba kwake hakuna pa kukaa. Kumwambia Faradji mbele ya mtu kwamba haoni, nisingeweza. Nikachukua kikapu changu cha vipande.

Watu wanadhani nyeupe ni moja. Waje wakae na mama wa mtoto wa komunyo. Mama huyo anaweza kukurudishia gauni kwa sababu mkono ni mweupe wa karatasi na kifua ni cheupe cha maziwa, na atakuwa na haki. Mimi nina nyeupe ya satini, nyeupe ya popelini, nyeupe ya tetroni ambayo ndani yake kuna bluu, nyeupe ya pamba isiyofuliwa, nyeupe ya lesi iliyokaa dukani ikaanza kuzeeka. Nilivitoa vipande vyote, nikavipanga kimoja kimoja juu ya kapo, kivulini, bila kusema. Nikaondoa vile vilivyopiga kelele. Nikabaki na viwili. Nikaondoa kimoja. Kilichobaki kilikuwa satini ya gauni la mtoto mmoja wa Nyundo, na juu ya lile gari ilikuwa kana kwamba imezama.

Manzi aliinuka, akasema anakwenda kutafuta abiria. Hakuwa na abiria yeyote. Alikwenda kusimama ng'ambo akatupa mgongo.

Faradji alivitazama vile vipande. Alikitazama kile cha satini, akakitazama kifuniko chake chenye tone, akarudia tena. Nilimwona akijitahidi. Alikunja macho, akayafumbua, akasogea karibu mpaka pumzi yake ikagusa rangi.

"Kaltumu," akasema.

Huwa ananiita Mama Twahir, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Jina langu mwenyewe nalisikia mdomoni mwake mara chache sana.

"Kaltumu, siko naona. Yote iko sawa."

Niseme wazi, niligeukia ukuta nikafuta machozi kwa kipande cha tetroni. Ningeweza kumkumbatia, lakini nilijua ingemvunja. Nikageuka na ukali wangu wa kila siku, maana huo ndio anaoujua.

"Basi unalia nini na kopo mukononi? We changanya. Mi nitaangalia."

"Utaniambia nini? Hujue rangi."

"Sijue rangi, najua nyeupe. Changanya!"

Akachanganya. Akapaka tone. "Inasema nini?"

"Iko ya moto. Kama maziwa imelala."

Alifikiri kidogo tu. Akachovya ncha ya kijiti cha kiberiti kwenye kopo la nyeusi, akaigusisha kwenye nyeupe, akakoroga. "Sasa?"

"Sasa imekuwa ya baridi sana. Ni karatasi ya ofisi."

Akaenda kwenye kopo lingine, akatia kitu kidogo ambacho hata sikukiona. "Sasa?"

"Imekaribia. Lakini imekufa. Haina uzima."

"A-a," akasema, na uso ukamrudia. "Hapo inaomba lulu." Akachota kwa ncha ya kisu ule unga unaometameta kama magamba ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaupulizia, ukaingia.

Tuliendelea hivyo mpaka mwadhini akaita. Yeye hakuona hata tone moja kati ya yale. Lakini kila neno nililotamka, hata la jikoni, alijua ni kopo gani linalolijibu na kiasi gani. Mimi ningejua tu kwamba nyeupe imekosea. Dawa yake nisingeijua hata ningekaa pale mpaka nizeeke. Nilikuwa namheshimu akiwa na macho. Siku ile, akiwa hana, nilimheshimu zaidi, na niliona haya kwa jinsi nilivyofurahi.

"Acha!" nikapiga kelele. "Usiongeze kitu. Njo yenyewe."

Aliuondoa mkono kwenye kopo kama aliyeshika moto. Kisha akanyoosha ule mkono kwangu. "Nipe sindano yako yenye iko ndogo kupita zote."

Nilimpa ile ya kushonea shanga. Aliweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye kapo, akakitembeza mpaka ukucha ukakuta ukingo wa kidonda, akautuliza hapo. Kwa mkono wa kulia akachovya sindano, akaishusha kwa kufuata ukucha, akaliacha tone liingie lenyewe. Akangoja likauke. Akaongeza jingine, juu yake jingine, kila moja jembamba kuliko ganda la kitunguu, mpaka kidonda kikajaa na kuinuka kidogo sana. Halafu verni, ile rangi angavu ya juu, nayo kwa sindano. Nilisahau gauni la mteja kwenye cherehani. Ijumaa alfajiri aliamkia kwenye karatasi yake ya maji, akasawazisha ule uvimbe, akapiga polishi, akaenda kuoga kwa ajili ya swala akiwa anaimba. Mimi niliinama kwenye kapo kutafuta. Nilijua ni upande wa abiria, karibu na kioo, mahali ambapo kivuli cha kioo cha pembeni kinafika. Nikatafuta, nikachoka.

Baada ya swala wakaja. Vénuste alikuwa amevaa shati la kutokea, na Nyirasafari alikuwa amejifunga kitenge cha kanisani, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono iliyosugua sufuria za miaka yote. Hakutusalimia kwanza. Alisimama mbali na gari kama mtu anayeogopa kukanyaga.

"Karibu, mama," Faradji akamwambia. "Sogea. Tafuta."

Watu walikuwa wamekusanyika, maana hakuna aliyesahau ile ahadi. Madereva, mafundi wa jirani, Manzi mbele kabisa. Vénuste akainama upande huu, akainama upande ule, akachuchumaa, akalala karibu na kapo shavu likigusa.

"Ilikuwa hapa," akasema.

"Oya," mama yake akasema, akikataa kwa Kinyarwanda chake, akaja karibu bila kujijua. "Haikukuwa hapo. Mi njo nilisugua. Ilikuwa huku chini."

"Mama, nimeangalia ile kitu siku zote."

"Na mi niliisugua na hii mukono!"

Wakabishana. Mtu na mama yake wakakitembeza kidole juu ya weupe ule kama watu wanaotafuta sindano kwenye shuka, na kila mmoja akafika mahali palepale alipokuwa mwenzake akasema si hapo. Madereva wakaanza kucheka. Vénuste naye akacheka. Nyirasafari akaweka viganja vyote viwili juu ya kapo, machozi yakamtoka, safari hii ya namna nyingine.

"Haya, muzee," Vénuste akasema, "umetushinda. Basi tuonyeshe. Ilikuwa wapi?"

"Nionyeshe, baba," Nyirasafari akasema. "Nijue fasi niliharibu."

Faradji alisogea kwa maringo yake yote. Alinyoosha kidole, akakiweka kwenye kona, juu ya taa ya upande wa dereva. "Hapa."

Watu wakasema ehee, na Vénuste, aliyekuwa haamini tena macho yake mwenyewe, akakubali. Nyirasafari akapagusa pale, akapapasa, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa mbali kabisa. Upande mwingine, kona nyingine. Basi hata hilo haoni tena, nikawaza. Ameifanya kazi hii kwa kidole, na sasa hajui hata ilikuwa wapi. Nilichukua birika, nikawakaribisha wageni chai kwenye benchi, ili tu watu waondoke karibu na lile gari. Walipokuwa wanakaa, nikamfuata, nikamnong'oneza kwa hasira ya kuogopa.

"Baba Twahir, umeonyesha fasi mbaya."

"Najua."

"Unajua?"

Alifunga macho. Akanishika kidole changu, akakiburuta juu ya kapo, upande wa abiria, juu kidogo, kuelekea kioo, kisha akasimama. "Iko hapa," akasema, macho bado yamefungwa. Nikaangalia chini ya ncha ya kidole changu. Palikuwa palepale kivuli cha kioo cha pembeni kinapofika. Hapakuwa na kitu.

"Ile mama," akasema polepole, "nikimuonyesha fasi yenyewe, kila siku akiona gari ataangalia pale. Ataangalia mpaka siku moja aone kitu, ata kama hakuna. Nimemupa fasi yenye haijapata kuumia. Aangalie mpaka achoke."

Nikaangalia kwenye benchi. Nyirasafari alikuwa anakunywa chai huku akilitazama gari kwenye ile kona ya uongo, ametulia kama mtu aliyelipwa. Nikamwangalia mume wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa majisifu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari kuyasikiliza yote mpaka mwisho.

Hakujisifu. Vénuste alikuja na kikombe mkononi, akamwambia mbele ya watu wote kwamba hajaona fundi kama yeye, na ile nyeupe ameipata wapi, maana hata usine wasingeipata.

Faradji alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Ile nyeupe haiko yangu," akasema. "Iko ya Kaltumu. Mi nyeupe siko naiona tena. Macho yangu imekamatwa na mutoto wa jicho. Hamukuona fasi, basi nimeshinda, njo maana nasema sasa. Siku ya Lundi, hii Jumatatu, naenda na bibi yangu kwa munganga. Mwenye anataka kupeleka gari yake fasi ingine, apeleke. Sitakasirika."

Mimi sikuweza kumwangalia mtu. Kitu alichokuwa amekificha mwaka mzima, kwangu, kwa watoto wetu, kwake mwenyewe, alikuwa amekitoa kwa hiari akiwa ameshinda, siku ambayo hakuna aliyemlazimisha. Na sasa niliona watu wanatazama chini, nikajua wameanza kuhesabu magari yao.

Manzi ndiye aliyekohoa.

"Muzee," akasema, "tunajua."

"Munajua nini?"

"Macho. Tangu ile tanki yangu tunajua." Akaelekeza kidevu chake ng'ambo ya barabara, kwenye pikipiki yake yenye bluu mbili. "Sisi wote tunajua. Tulikuwa tunangojea utuambie."

Nikainua uso. Madereva walikuwa wanatikisa vichwa, mmoja baada ya mwingine, kwa haya kidogo. Nikakumbuka magari yote yaliyoingia kwetu mwaka ule, na jinsi mengi yalivyokuwa meusi.

Faradji alitazama ng'ambo ya barabara, ingawa sidhani kama aliona kitu. "Ile tanki," akasema, "uilete kesho. Nitairudilia."

"Kesho hapana," nikasema mimi. "Ataileta kisha kwenda kwa munganga."

Manzi akacheka, akaniambia sawa, Mama Twahir, nikaenda kuongeza maji kwenye birika kwa sababu wageni walikuwa bado wengi.